Uzi: Mzigo wa Nyanda za Juu Kusini hauharibikii njiani, unaharibikia kwenye maungio

Mleta uzi, Mbeya

Ndugu wanajukwaa, kamwene kwa walioko Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na shikamoo kwa wakubwa wote mtakaopita hapa.

Nimefanya kazi ya uwakala wa mizigo hapa Mbeya kwa muda mrefu, nikianzia ukarani wa kuhesabu mifuko uwanjani hadi kusimamia shehena za watu kwenda bandarini na kuvuka mipaka ya Tunduma na Kasumulu. Kila msimu mjadala uleule hurudi: wapo wanaosema reli ndiyo dawa, wapo wanaosema malori ndiyo uhai wetu, na siku hizi wapo wanaotamani kila kitu kipande ndege pale Songwe. Naleta uzi huu kwa sababu naamini tunabishania chombo wakati ugonjwa uko mahali pengine. Mzigo unaotoka mikoa hii kwenda ng'ambo haumalizi safari yake kwa chombo kimoja. Lazima ubadilishe vyombo, na pale unapobadilisha, ndiyo maungio ninayoyasema, ndipo fedha yetu inapovuja.

Nianze na kisa kilichonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia kontena la futi 20 lenye kahawa ya arabika ya kikundi cha wakulima wa Mbozi, mifuko 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Lilipakiwa likiwa juu ya lori, likashushwa Mbeya na kupandishwa kwenye behewa, likafika Dar es Salaam, likahamishiwa uwanja wa makontena, kisha likapelekwa gatini na kuingizwa melini kwenda Ulaya. Mnunuzi alipolifungua alikuta mifuko 40 ya juu, upande wa kona, imelowa na kuota ukungu. Picha alizotuma zilionyesha tundu kwenye paa lisilozidi upana wa kidole, na kingo za tundu hilo zilikuwa bado zinang'aa, hazijapata kutu. Chuma kilikuwa kimetobolewa karibuni, wakati kontena likiinuliwa.

Likiinuliwa na nani? Mwenye lori alisema alilikabidhi zima na lakiri, ule muhuri wa mlango, haijaguswa. Watu wa treni walisema walipokea kontena lililofungwa, wala si desturi yao kupanda juu kukagua paa. Uwanja wa makontena ulionyesha risiti ya kupokea isiyokuwa na neno lolote kuhusu hali ya kontena. Kampuni ya meli ilitoa hati yake, na ndani yake imeandikwa kwamba mpakiaji alipakia, akahesabu na akafunga mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na karatasi, na kila karatasi ilikuwa ya kweli kwa upande wake. Wakulima walikatwa thamani ya mifuko ile 40 pamoja na gharama ya kuchambua iliyobaki, na mimi ndiye niliyekwenda kuwaeleza, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya ghala lao, mzee mmoja akiniuliza mara tatu ni nani hasa aliyelowesha kahawa yake. Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile natofautisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Mzigo unaweza kupita barabarani, relini na baharini kwa mikataba mitatu, watu watatu na karatasi tatu. Huo ni mzigo uliopanda vyombo vingi, basi. Usafirishaji mseto kwa maana yake halisi, ile iliyoandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Geneva mwezi Mei 1980, ni kusafirisha mzigo kutoka nchi moja hadi nyingine kwa njia mbili au zaidi chini ya mkataba mmoja, huku mtu mmoja akiubeba wajibu wote tangu anapoupokea hadi anapoukabidhi. Mwenye mzigo anamfahamu mmoja tu. Huyo akiajiri malori, mabehewa na meli, hayo ni yake na wenzake. Mzee wa Mbozi angekuwa na mtu wa kumuuliza.

Faida zake ni kubwa, na hapa kwetu zinaonekana kuliko sehemu nyingi, kwa sababu Mungu na historia vimetuwekea njia zote mlangoni. Barabara ya TANZAM inapita katikati yetu, kutoka Ruaha Mbuyuni na mlima Kitonga hadi Tunduma. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, inakutana na barabara hiyo Makambako na kufika hapa Mbeya. Ziwa Nyasa liko chini yetu pale Kyela. Uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa mwaka 2012. Treni hutumia mafuta machache kwa kila tani kuliko lori, meli hutumia machache zaidi, na lori peke yake ndilo linaloweza kufika shambani Igamba au Lupembe. Ukipanga vizuri, kila chombo kinafanya kile kinachokiweza, na mkulima anaona tofauti kwenye bei anayobaki nayo.

Jambo hili si geni kwetu. Wenye umri wangu mnakumbuka kituo cha mizigo cha Malawi hapa Mbeya. Wakati vita vya Msumbiji vilipoifungia Malawi njia zake za Beira na Nacala, mizigo yao ilipelekwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, ikahamishiwa kwenye malori, ikateremka kwa Kasumulu hadi bandari ya Chilumba, ikavuka ziwa kwa meli hadi Chipoka, na pale ikapanda tena treni ya Malawi kuelekea Lilongwe na Blantyre. Reli, barabara, maji, reli tena. Nchi nzima iliwekewa njia mpya ya kupumulia, na maungio yake makubwa yalikuwa hapa kwetu. Vita vilipokwisha na njia za karibu kufunguka, sehemu kubwa ya mzigo ule ilirudi huko, na uliobaki ukahamia kwenye malori yanayokwenda moja kwa moja, kwa sababu kila mhamisho kati ya ile mitatu ulikuwa na siku zake za kungoja, makuli wake na hasara zake. Ndipo ninaposema: maungio yakiwa mazito, mtu ataacha njia ya bei nafuu na kuchukua ya ghali, na atakuwa na haki.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Tukuyu

Ndugu mleta uzi, ndaga fijo kwa mada. Mimi nakusanya parachichi za Hass kwa wakulima wa Rungwe. Nimekuwa nikizipeleka kwa lori lenye jokofu, na kwa miaka mingi matunda ya huku yamekuwa yakipelekwa hadi Mombasa ilhali Dar es Salaam iko karibu zaidi. Watu wananiambia nitumie treni ili nipunguze gharama. Je, inawezekana kwa matunda, au ushauri huo ni wa watu wasiojua parachichi?

Mleta uzi, Mbeya

Dada yangu, swali lako ni zito, naomba nilijibu kwa nafasi.

Parachichi linahesabu siku tangu linapokatwa mtini. Hass inayokwenda Ulaya kwa meli huwekwa kwenye ubaridi wa takriban nyuzi 5 hadi 7, na ubaridi huo usikatike, kwa maana tunda likipata joto kwa saa chache tu njiani huanza kuiva, na likishaanza kuiva hakuna jokofu litakalolirudisha. Safari ya baharini peke yake huchukua karibu wiki nne. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu treni si bei yake, bali umeme. Kontena la jokofu lazima lichomekwe: melini lina soketi yake, kwenye lori lina jenereta yake, na kwenye behewa mtu lazima aweke jenereta na awepo wa kuitazama. Kisha uulize, treni ikisimama Mlimba kwa sababu ya hitilafu mbele, nani ataongeza dizeli kwenye jenereta hiyo usiku? Ikiwa hakuna anayeweza kukujibu kwa jina na kwa maandishi, usipeleke tunda lako. Hilo halina maana kwamba treni haifai kabisa; maana yake ni kwamba maungio ya umeme hayajajengwa.

Kuhusu Mombasa, sababu ilikuwa meli na makontena. Kontena la jokofu tupu lazima lipatikane pale unapolihitaji, na meli iendayo unakokwenda iwe na ratiba ya kuaminika. Kwa muda mrefu wauzaji wetu waliona ni heri kuongeza mamia ya kilomita za lami, wavuke Namanga au Holili, kuliko kukaa Dar es Salaam wakingoja. Yaani safari ndefu yenye uhakika iliishinda fupi isiyo na uhakika. Hali ya Dar es Salaam imekuwa ikibadilika, lakini pima mwenyewe kwa ratiba za msimu huu, usipime kwa sifa.

Jambo la mwisho kwako. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya kampuni nyingi za meli kuacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wauzaji wa parachichi wa Afrika Mashariki waliona matunda yao yakifika Ulaya yamelainika. Hakuna dereva wala kuli wa Mbeya aliyekosea. Njia ya mseto inakuunganisha na matatizo ya bahari usiyoijua, na ndiyo maana ni vizuri kuwa na soko zaidi ya moja. India na China zimefungua milango kwa parachichi za Tanzania katika miaka ya karibuni, na meli za huko hazipiti Suez.

Mchangiaji, Tunduma

Kaka, nakuheshimu, lakini naona unaelekea kutuua sisi wenye malori. Nina magari machache ninayoyaendesha na ndugu zangu, tunapeleka mzigo Lubumbashi na kurudi na shaba. Reli hiyo unayoisifu tumeiona ikishindwa. Mteja akikupa mzigo Jumatatu anataka kujua Jumatatu inayofuata uko wapi. Lori nalijua lilipo kila saa. Behewa nani anajua?

Mleta uzi, Mbeya

Ndugu yangu, sina ugomvi na lori hata kidogo, nami nakubali sehemu kubwa ya uliyosema. TAZARA ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikufikia kiwango hicho hata katika miaka yake mizuri, ilipokuwa ikivuka tani milioni 1, na katika mwaka wa fedha 2014/15 ilishuka chini ya tani laki moja. Mtu aliyeona kuanguka huko kwa macho yake hawezi kulaumiwa kwa kununua lori. Mteja hakuikimbia reli kwa chuki. Aliikimbia kwa sababu injini zilikuwa chache na hakuna aliyeweza kumwambia mzigo wake utafika siku gani. Kutojua siku kunamgharimu mfanyabiashara kuliko nauli yenyewe, kwa sababu meli haingoji, na kontena la watu likipitisha siku za bure unaanza kulipa demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, kwa dola kila siku.

Lakini tazama upande wako pia. Lori lako la ekseli saba linabeba hadi tani 56 pamoja na uzito wake lenyewe, kwa sheria ya Afrika Mashariki, na unapimwa kwenye mizani ya Vigwaza, Wenda, Makambako na Mpemba. Ukikutwa umezidisha kwenye ekseli moja, hata kama jumla iko sawa, unashusha au unalipa. Unapanda Kitonga nyuma ya foleni, unateremka Inyala ukimwomba Mungu breki zishike, na ukifika Tunduma unaweza kukuta mstari wa malori uliokuanzia mbali. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, karatasi za pande mbili zinashughulikiwa mahali pamoja, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo kila anayekaa huko anajua kwamba mtandao wa forodha ukikatika kwa saa chache, foleni huchukua siku kadhaa kuisha.

Fikiria mzigo ambao hauna haraka na ni mzito: mbolea inayoletwa kwa meli na inayotakiwa kufika Makambako na Mbeya kabla ya mvua, salfa ya migodini, simenti, shaba yenyewe inaposhuka. Huo ndio mzigo wa behewa. Treni ikiufikisha Makambako au Mbeya, bado unahitaji lori la kuupeleka Ludewa, Makete, Ileje, Chunya. Safari fupi ya kilomita 100 unayoirudia mara nyingi kwa wiki inaweza kukulipa vizuri kuliko safari moja ya Lubumbashi unayoikalia wiki mbili au tatu. Sikuahidi kwamba itakuwa hivyo kwako. Fanya hesabu ya tairi, posho ya dereva na siku za kusimama, kisha utuambie hapa umepata nini.

Kuhusu reli yenyewe, mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilisaini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4 za kufufua njia, injini na mabehewa. Nafurahi. Lakini tuwe macho na jambo moja: nchi yetu sasa ina reli za vipimo vitatu. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina 1,067, na SGR, reli mpya ya kisasa, ina 1,435. Behewa la TAZARA linaweza kwenda Zambia, likaingia Kongo au hata likafika Afrika Kusini bila kubadilisha magurudumu, kwa sababu nchi hizo zina upana uleule; lakini haliwezi kwenda Dodoma. Ndiyo maana kule Kidatu pakajengwa kituo cha kuhamishia mizigo kati ya TAZARA na reli ya kati. Kila tofauti ya upana ni maungio, na kila maungio yanataka kreni, watu, na mtu wa kuandika.

Mchangiaji, Kyela

Naomba msilisahau ziwa. Tuna meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zilizojengwa hapahapa Itungi, kila moja ya tani 1,000. Mara nyingi ukipita utaona zimetulia. Tatizo ni nini?

Mleta uzi, Mbeya

Ndugu wa Kyela, umenigusa. Tani 1,000 ni mzigo wa malori zaidi ya 30, na meli moja ingeyaondoa yote kwenye ile barabara ya Tukuyu yenye kona na ukungu. Makaa ya mawe ya upande wa Ruvuma yanaweza kuvuka kutoka Ndumbi kuja Kiwira na kupanda hadi viwandani, na saruji ikateremka kurudi. Hapo meli ingekwenda na kurudi ikiwa na mzigo, jambo ambalo ndilo roho ya biashara ya meli.

Vikwazo navyo vinajulikana. Itungi inajazwa mchanga na matope ya mto, kina hakitabiriki. Reli haifiki ziwani: kutoka stesheni ya Mbeya hadi Kyela unateremka zaidi ya mita 1,000 za mwinuko, na safari hiyo yote ni ya lori. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, imekaa kwenye mipango kwa miaka mingi. Upande wa pili wa ziwa nao lazima kuwe na gati, kreni na reli inayofanya kazi. Meli yetu ikiwa nzuri na gati lao likiwa bovu, ni kazi bure. Haya si maungio ya karani na kalamu, ni ya serikali mbili kukaa pamoja, na naona uchungu kila ninapoziona meli zile zimefungwa kamba.

Mchangiaji, Mafinga

Shikamoo mzee. Mimi niko kwenye mbao na chai. Umetueleza kisa cha kahawa lakini hujasema sheria inasema nini. Kama wakulima wale wangekwenda mahakamani, wangelipwa? Na je, sisi wadogo tunaweza kujikinga vipi?

Mleta uzi, Mbeya

Marahaba mwanangu. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Ule mkataba wa 1980 niliousema mwanzoni haujaanza kutumika hadi leo, kwa sababu ulihitaji nchi 30 ziuridhie na hazikutimia. Kwa hiyo hakuna sheria moja ya dunia inayoufunika mzigo kutoka Vwawa kule Mbozi hadi ghala la Ulaya. Kipande cha bahari kina kanuni zake, cha ndege kina zake, na reli na barabara hutegemea sheria za nchi na mkataba wa msafirishaji. Ukijua uharibifu ulitokea wapi, unajua kanuni ya kuishika. Usipojua, unaanguka katikati, kama tulivyoanguka sisi.

Nitoe mfano wa hesabu, kwa maana wengi hawaujui. Hati nyingi za meli hufuata kanuni za kimataifa za mizigo ya baharini ziitwazo Hague-Visby, ambazo kikomo cha fidia ni 666.67 kwa kila kifurushi au 2 kwa kila kilo iliyoharibika, kinachochukuliwa kikiwa kikubwa zaidi, kwa SDR, kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, ambazo Tanzania imejiunga nazo, zina 835 na 2.5. Mifuko 40 ya kilo 60 ni kilo 2,400. Kama hati imeandikwa "kontena moja la kahawa", kontena zima linahesabiwa kifurushi kimoja, na kikomo chako kwa Hague-Visby kinabaki cha kilo, yaani SDR 4,800. Kama hati imeandikwa "kontena moja lenye mifuko 320", kila mfuko ni kifurushi, na kikomo kinapanda hadi zaidi ya SDR 26,000, ambayo inaizidi thamani ya kahawa iliyoharibika, kwa hiyo unaweza kudai hasara yako yote. Maneno mawili na tarakimu tatu. Hati yetu ya Mbozi ilikuwa ya namna ya kwanza, na mimi ndiye niliyeipitia.

La pili ni masharti ya mauzo. Watu wetu wengi huuza kwa FOB, kwa sababu ndilo neno wanalolijua tangu zamani. FOB ni sharti la meli: mzigo ni wako mpaka uingie melini Dar es Salaam. Lakini wewe umeukabidhi kontena likiwa limefungwa Mafinga au Makambako, na tangu hapo hulioni. Unabeba hatari ya safari usiyoisimamia. Kwa mzigo wa makontena, Incoterms za 2020, yaani kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, zinaelekeza masharti kama FCA, ambapo wajibu wako unaisha pale unapoukabidhi kwa msafirishaji aliyetajwa, kwa mfano stesheni ya Makambako. Mnunuzi anaweza kukataa, au akataka bei ipungue kidogo. Hayo ni mazungumzo. Lakini uingie mazungumzoni ukijua unachouza.

La tatu ni kutafuta mtu mmoja wa kubeba wajibu. Zipo kanuni za UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, na Chama cha Biashara cha Kimataifa za mwaka 1992, ambazo hazihitaji kuridhiwa na nchi yoyote. Zinaingia kwa kuandikwa kwenye mkataba, na hati ya usafirishaji mseto ya FIATA, shirikisho la kimataifa la mawakala wa mizigo, inazifuata. Wakala anayetoa hati hiyo anajibika kwa safari nzima, na anajibika hata pale ambapo haijulikani uharibifu ulitokea wapi. Angalia muda: uharibifu usioonekana kwa nje lazima uutolee taarifa kwa maandishi ndani ya siku 6 tangu mzigo ulipokabidhiwa, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 9. Mwambie mnunuzi wako afungue kontena mapema, asiliache uwanjani.

Na uulize kwa heshima, lakini uulize: wakala huyo ana bima ya wajibu wake? Hati nzuri iliyotolewa na mtu asiye na kitu haikusaidii. Kwa mizigo midogo midogo, ambayo haijazi kontena, changanyeni watu watatu au wanne wa Mafinga wenye mbao au chai ya soko moja, mkubaliane daftari moja na msemaji mmoja. Msichanganye chai na mbao mbichi kwenye kontena moja hata siku moja. Chai hunyonya harufu na unyevu.

Mchangiaji, Mafinga

Na ukaguzi wenyewe unaufanyaje?

Mleta uzi, Mbeya

Kontena tupu likiletwa, naingia ndani na kuomba milango ifungwe. Nasimama mpaka macho yazoee giza, kisha natazama paa na kona zote polepole. Tundu hata liwe dogo kiasi gani halijifichi, linawaka kama nyota. Nikiona hata nukta moja, kontena linarudi. Kisha nanusa, kwa maana kontena lililobeba kemikali au ngozi linasema lenyewe. Nagusa sakafu kwa kiganja kuona kama ni kavu. Kwa kahawa napima unyevu, usizidi asilimia 12 na nusu, kwa sababu kontena hutoka jasho usiku na jasho hilo hudondokea mifuko ya juu, halafu natandika karatasi za kunyonya maji juu na pembeni.

Baada ya kufunga, naandika namba ya lakiri na kupiga picha sita: pande nne, mlango, na paa, na kwa paa lazima ngazi itafutwe. Picha hizo zinarudiwa kila kontena linapobadilisha mikono, na anayepokea anatia saini kwenye karatasi yenye saa, mahali, namba ya lakiri na hali ya paa. Mwanzoni madereva na makarani walinung'unika kwamba nawapotezea muda. Sasa baadhi yao ndio wanaoniuliza karatasi iko wapi, kwa sababu wamegundua inawalinda wao pia: dereva aliyekabidhi kontena zima akiwa na saini mkononi hawezi kusingiziwa.

Lipo kontena la kahawa tunalopakia Vwawa wiki ijayo, la kikundi kilekile. Safari hii tunauza kwa FCA Mbeya, hati imeandikwa mifuko 320, na yule mzee aliyeniuliza mara tatu amesema atakuja mwenyewe kuingia ndani ya kontena kabla halijapakiwa.